Kununua nyumba Nakuru: mpya au iliyokwisha kukaliwa?

Kabla hujapendezwa na kabati za jikoni, tazama ardhi. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano, udongo mwepesi unaotitia ukishiba maji, na chini yake kuna mipasuko ya Bonde la Ufa. Mvua ikizidi, ardhi huweza kufunguka mahali ambapo jana palipita watoto wakienda shule. Huku chini, Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwaka 2010 hivi, na familia za Mwariki na Barut zimehamishwa na maji. Kwa hiyo nazipanga nyumba hapa, kuanzia ile ninayoipendelea zaidi, kwa kuuliza swali moja kwanza: hii imeshanyeshewa mara ngapi?

Ya kwanza: nyumba ya miaka kumi hadi ishirini. Naiweka mbele bila kusita. Kama msingi ulikuwa na kasoro, mvua za 2024 zilishaianika. Zunguka nje polepole. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutie hofu. Ule unaotoka pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi ukifuata maungio ya mawe, hasa ukiwa mpana kiasi cha kupitisha sarafu, huo ni wa msingi. Mwite mhandisi kabla ya kutaja bei. Ukiona mstari wa plasta mbichi kwenye ukuta wa zamani, uliza ulikuwa unaficha nini. Kisha bisha hodi kwa jirani. Jirani atakwambia maji husimama wapi mwezi wa nne na shimo la maji taka hufurika mara ngapi.

Ya pili: nyumba mpya iliyokamilika. Nyaya mpya, mabomba mapya, na hakuna mtu wa kuhamisha. Ila rangi mbichi husitiri mengi. Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kuona moja kule Kiamunyi. Fundi tuliyekwenda naye alichuchumaa sebuleni na sarafu ya shilingi ishirini, akawa anagonga kigae kimoja kimoja. Vingi viliitika kwa sauti nzito. Saba karibu na mlango vililia kama debe tupu, maana saruji haikufika chini yake. Bafuni akamwaga ndoo ya maji, na maji yakaelekea mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Muuzaji alikubali kubomoa na kutandika upya, kwa kuwa alikuwa bado hajalipwa.

Hapo ndipo penye nguvu za mnunuzi. Wakili wako aandike kwenye mkataba kipindi cha marekebisho, miezi sita hadi kumi na miwili, na sehemu ya pesa ibaki mikononi mwake hadi kipindi kiishe. Dai kibali cha ujenzi cha kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na cheti cha ruhusa ya kukalia nyumba. Muuzaji akianza kusema "inakuja, inakuja", pesa yako isitoke.

Ya tatu: nyumba kuukuu, za Milimani na Section 58. Nazipenda kwa moyo wote: kiwanja kipana, miti mikubwa, mji uko karibu. Lakini gharama yake haiishi kwenye bei. Paa likiwa la asbesto, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2006, haliondolewi na fundi yeyote mwenye nyundo. Vumbi lake huua mapafu, na kazi hiyo ni ya wenye leseni. Fungua bomba asubuhi kabla ya mtu mwingine: maji mekundu ni kutu ya mabomba ya chuma. Nyaya za umeme hesabu kwamba utazibadilisha zote.

Makaratasi yake pia ni mazito. Ardhi ikiwa ya kukodishwa na serikali, angalia imebaki miaka mingapi. Hatimiliki ikiwa kwa jina la marehemu, watoto hawawezi kukuuzia hadi mahakama ithibitishe mirathi, hata wakikubaliana wote mezani. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke, iwe ya umri gani.

Ya mwisho: nyumba iliyo kwenye ramani tu, ambayo bado haijajengwa. Bei yake huvutia, lakini haina ukuta wa kugongwa. Ukiamua, lipa kwa hatua za ujenzi, si kwa tarehe za kalenda.

Yoyote utakayochagua, weka kando ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani. Nyumba ya milioni nane mjini ni shilingi 320,000 juu ya bei.

Halafu maji. Visima vingi vya Nakuru vina floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Uliza maji yanatoka wapi, na ya kisima yapimwe maabara. Yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dada yangu sasa anaishi kwenye ile nyumba ya Kiamunyi. Cha kwanza alichonunua, kabla ya makochi, ni gata na tangi la lita 10,000, ili watoto wanywe maji ya mvua.