Rangi ya maziwa nyumba nzima: tathmini baada ya mwaka mmoja Bagamoyo

Mwaka mmoja umepita tangu tupake nyumba yetu ya Dunda rangi moja tu, nyeupe inayoelekea maziwa, kuanzia sebuleni hadi chumba cha mwisho, na kwa kuwa imepita kaskazi, masika na kusi, naweza sasa kuieleza kwa haki.

Sifa yake kubwa ni mwanga. Korido yetu ni ndefu na haina dirisha. Ilipokuwa ya kijani kilichokolea tulilazimika kuwasha taa hata saa tano asubuhi, lakini leo mwanga wa mlango wa mbele unafika jikoni, na milango ya mninga, ambayo kijani kile kiliimeza, inaonekana kwa uzuri wake wote. Hata hivyo, rangi hii haibaki ileile kila chumba. Sebule inayotazama bahari huwa kama samli jua linapochomoza, chumba kilicho chini ya mwembe huchukua ukijani wa majani, na taa nyeupe za usiku zilikifanya chumba cha kulala kifanane na wodi mpaka tulipoweka zenye mwanga wa njano. Ni vyema kupaka kipande cha ukuta katika kila chumba na kukitazama asubuhi, jioni na usiku kabla ya kununua.

Kosa letu lilikuwa katika ununuzi. Kuta zetu ni kama mita za mraba 180, na kwa kuwa lita 1 hutosha mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwenye ukuta laini, mikono miwili ilidai ndoo mbili za lita 20. Tulinunua moja, tukaifuata ya pili baada ya wiki mbili, ikachanganywa upya kwa namba ileile, lakini ikatoka na wekundu ambao haukuonekana ndani ya ndoo, ukajitokeza pale sebule inapokutana na korido. Rangi iliyokolea ingeweza kuuficha, hii iliuanika. Fundi alinieleza kwa upole, "Mama, ndoo zote zinunuliwe siku moja, tuzikoroge ndani ya pipa moja, ndipo tuanze."

Ukuta wa nyuma, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, haukupakwa rangi hiyo. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa, na rangi ya mafuta iliyokuwapo awali iliuzuia, ikavimba na kubanduka kila masika. Tuliikwangua yote, tukaacha ukuta ukauke, tukaupaka chokaa, ambayo inaendana na rangi ya maziwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Vyumbani rangi isiyong'aa imetosha. Koridoni, ambako mikono ya watoto hupita kila siku, madoa hayatoki bila kuacha alama, kwa hiyo mwakani tutairudia kwa rangi hiyohiyo, ila ile yenye mng'ao kidogo inayovumilia kufutwa kwa kitambaa chenye maji.