Unga wa protini au mukene?

Nilipoanza kunyanyua vyuma hapa Kampala, nilitegemea unga wa protini wa kopo. Kijiko chake kimoja hutoa gramu 20 hadi 25 za protini. Unakoroga na maji, unakunywa, basi. Kwa anayetoka mazoezini akiwahi kazini, unafaa kweli.

Lakini mimi nimehamia kwa mukene, dagaa wetu wa Ziwa Victoria. Wakikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata kalsiamu pia. Nawaosha mara tatu mchanga utoke, nawakaanga kidogo, kisha nawatia kwenye mchuzi mzito wa karanga, nile na matooke. Tumbo linatulia hadi jioni. Kopo nalibeba safarini tu.