MTT ya unga: nyota 4 kwa maabara za Arusha

Kwa kupima kampaundi mpya za saratani ya matiti, chukua MTT (kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau) ya unga, si iliyokwisha yeyushwa. Safari ya Dar hadi Arusha haiisumbui sana, na unapima unachohitaji tu: miligramu 5 kwa mililita 1 ya PBS (maji ya chumvi ya fosfeti), ichujwe, ifungwe foili maana mwanga huiharibu.

Panda seli 5,000 hadi 10,000 za MCF-7 (seli za saratani ya matiti za maabara) kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96. Ziache saa 24 zishike, kisha weka kampaundi kwa saa 48 au 72. Ongeza mikrolita 10 za MTT, subiri saa 3 au 4, ondoa majimaji, yeyusha fuwele za zambarau kwa DMSO (kiyeyushi), soma ukali wa rangi kwenye nanomita 570.

Nyota moja imepotea kwa sababu hudanganya. Kampaundi yenye thayoli (kundi la salfa na hidrojeni) huigeuza rangi hata pasipo seli, kwa hiyo vishimo visivyo na seli ni lazima. Vya pembeni hukauka, vijaze PBS. Fenoli nyekundu (rangi ya kiashiria) ya kwenye midia, yaani maji ya kulishia seli, nayo huiga estrojeni kidogo, na MCF-7 huisikia (wanaolinganisha na tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, wanajua shida yake). Halafu seli iliyopunguza kasi tu huonekana kama imekufa.