Mlimani City kwa asiye na gari

Mama yangu magoti yanamsumbua na mimi sina gari, kwa hiyo jengo la maduka nalipima kwanza kwa swali moja: daladala inatushusha wapi? Kwa hilo, Mlimani City ya Barabara ya Sam Nujoma inazishinda zote nilizofika hapa Dar es Salaam. Kituo kina jina lake. Mwambie konda "Mlimani City, shusha", na ukitokea Ubungo unashuka upande uleule wa geti.

Sisi tunatoka Kimara: mwendokasi (mabasi yenye njia yake maalumu) hadi Ubungo, kisha tunaunga na gari za Mwenge au Makumbusho. Wa Tegeta anaungia Mwenge, ila yeye anashuka ng'ambo na lazima avuke barabara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakuja kwa miguu, na ardhi yenyewe ni ya chuo. Kampuni ya Turnstar ya Botswana ndiyo iliyojenga, pakafunguliwa mwaka 2006.

Ndani napapenda kwa ajili ya mama. Maduka yako chini, kwenye ukumbi mrefu wenye ubaridi, hakuna kuhangaika na ngazi. Benki, dawa, nguo, simu, vyote unavipata bila kutoka nje. Ugumu uko kabla ya kuingia, kwa sababu maegesho ya magari yametangulia mbele na mtembea kwa miguu anayakatiza juani. Kama una mzee, nenda asubuhi.

Kurudi ndiyo kazi. Jioni daladala za Ubungo zinafika zimeshajaa, na mtu mwenye mifuko na mzee hawezi kugombania mlango. Mimi nageuza na gari, yaani napanda linaloelekea kwingine na kubaki ndani hadi ligeuze. Tunapanda palepale upande wa geti, gari linalokwenda Makumbusho, likigeuza tunalipa nauli ya mara ya pili, tunarudi Ubungo tumekaa, mama yuko dirishani. Hela hiyo siionei uchungu hata kidogo.

Awamu ya nne ya mwendokasi imepangwa kupita Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo. Ninawaomba wahusika wasituwekee daraja la ngazi peke yake. Wawafikirie wenye magoti kama ya mama, wenye fimbo na wenye watoto mgongoni: waweke kivuko cha usawa wa barabara chenye taa, na kivuli cha kutosha kituoni.