Kukatiwa mboji Roscommon: euro 480 si hesabu yote

Mkataji wetu wa mboji, yaani ule udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, hapa Kaunti ya Roscommon, Ireland, anatoza euro 40 kwa hopa, yaani ujazo wa lile sanduku la chuma linalovutwa na trekta. Tulichukua hopa 12, euro 480, na kazi yake iliisha asubuhi moja mwezi wa Mei. Wapo wanaotoza pungufu. Mimi nitarudi kwake.

Mashine ya kuchimbia inachota tope kwenye ukingo wa kinamasi na kulimwaga ndani ya hopa, nayo inalisaga na kulitoa nyuma kama soseji ndefu, mistari kadhaa kwa pamoja, juu ya uwanja wa kuanikia. Hapo ndipo ufundi unaonekana. Huyu alishuka hadi kwenye mboji nyeusi iliyoshikamana, akaiweka kando ile ya juu, ya kahawia yenye nyuzinyuzi, ambayo inawaka upesi na kuisha upesi. Mistari yake ilinyooka, na kati yake aliacha njia ya mtu kupita. Mwaka uliotangulia tulimtumia mwingine kwa bei nafuu. Mistari yake ilipandana, ya chini haikuona upepo, na sehemu kubwa ikabaki tope hadi mvua za vuli. Ukigawanya pesa tulizompa kwa mboji iliyofika nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa ghali.

Sasa gharama ambayo hakuna anayekuandikia risiti. Mboji mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo mkataji akiondoka, kazi inabaki yako. Kwanza unasubiri ishike ngozi juu, kisha unageuza kipande kimoja kimoja. Baadaye unavisimamisha vipande vichache vikiegemeana, kimoja juu yake, ili upepo upite katikati. Mgongo unauma, na vijidudu vya jioni havina huruma. Mama mkwe, aliyeifanya kazi hii tangu utotoni, hakuniruhusu kugusa kitu kabla ya wakati wake: “Kikivunjika mkononi, mwanangu, kiache.” Alikuwa sahihi kila mara. Kuileta nyumbani kwa trekta na trela la jirani kulitugharimu euro 120 nyingine, pamoja na chakula cha mchana cha vijana waliopakia.

Jumla euro 600, bila kuhesabu jasho letu. Sisi tuna haki ya kukata iliyorithiwa na familia ya mume wangu. Usiyenayo utalipia pia ukodishaji wa ukingo. Kama huna watu wa kusaidia kugeuza na kusimamisha, ushauri wangu ni usianze kabisa. Nunua kuni kavu.

Uliza pia kinamasi chenyewe ni kipi. Baadhi vinalindwa kwa sheria ya Ulaya na huko hukati. Na tangu tarehe 31 Oktoba 2022 mboji haiuzwi tena madukani wala mtandaoni, ingawa wenye haki wanaweza kukata kwa matumizi yao. Naziunga mkono sheria hizo. Mboji hujijenga takriban milimita moja kwa mwaka. Mita moja ya ukingo ni kama miaka elfu. Ndiyo maana tulikataa mkataji alipotuuliza kama tungependa hopa za ziada, ingawa nafasi ya kuanikia ilikuwepo. Hakutusukuma, na hilo pia nalihesabu kwa upande wake.

Kasoro yake ni moja: hasemi siku. Anakuja ardhi ikiruhusu, na simu hapokei akiwa kwenye mashine. Mpe jina lako mwezi wa Machi, mwambie idadi ya hopa, na umlipe ukishaiona mboji imelala uwanjani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.