Wiki sita na kipimahewa cha mkobani: namba inayooneshwa na simu na hewa ninayoivuta

Mwanangu ana pumu, na kwa muda mrefu kila asubuhi nilikuwa nikifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu ili nijue kama nimruhusu kucheza nje. Programu hiyo hunipa namba moja ya uchafuzi wa hewa kwa Dar es Salaam, nami niliiamini. Mwezi Aprili nilinunua kipimahewa kidogo cha kuning'iniza kwenye mkoba, kinachopima PM2.5, yaani chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nimekitumia wiki sita, nikiandika daftarini kinachosomeka pamoja na namba iliyooneshwa na simu saa ileile.

Tofauti kubwa kuliko zote niliikuta jikoni kwangu, Tabata. Jioni moja simu ilionesha mikrogramu 19 kwa kila mita ya ujazo wakati najiandaa kuinjika maharage kwenye jiko la mkaa. Nilipoanza kupepea kwa kifuniko cha ndoo, mkaa ukiwa haujakolea, kifaa kilipanda kutoka 31 hadi 412, na mwanangu alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua mbili tu kutoka hapo, akifanya hesabu zake za shule. Nilimtoa nje papo hapo. Moto ulikolea na moshi ukaisha, lakini namba ilichukua karibu saa nzima kushuka chini ya 50. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi 15.

Ndani ya daladala ya Kariakoo, kwenye foleni ya Buguruni, dirisha likiwa wazi nyuma ya lori, nilisoma kati ya 80 na 130. Uani, mchana wenye upepo, kifaa na simu vilikaribiana sana.

Kwa hiyo siwezi kusema programu inadanganya. Namba yake hutokana na modeli inayounganisha vipimo vya setilaiti, mwenendo wa upepo na makisio ya moshi unaozalishwa, kisha ikatoa wastani wa eneo zima. Modeli ya dunia ya Copernicus, huduma ya Ulaya ya kufuatilia angahewa, hutumia miraba ya takribani kilomita 40 kila upande, na mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza Kariakoo, Tabata na mashamba ya Kisarawe kwa pamoja. Jiko langu halimo humo, wala kiti changu cha daladala.

Kifaa chenyewe kina kasoro. Kinavuta hewa kwa feni ndogo na kuhesabu chembe kwa mwanga wa leza, hivyo unyevu ukizidi, chembe hufura kwa maji nacho huzihesabu kuwa kubwa kuliko zilivyo. Alfajiri za masika kilipandisha namba bila moshi wowote. Betri haimalizi siku. Kasoro ninayomsihi kila mnunuzi aielewe ni kwamba hakipimi gesi: mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, namba hushuka, ilhali kaboni monoksaidi inaendelea kujaa chumbani na inaua. Jiko letu sasa linawashwa uani na kubaki hukohuko mpaka majivu yapoe, hata kifaa kikionesha 10.