Tathmini ya gereji moja ya Grogan: breki za ngoma za nyuma kwenye Corolla ya mwaka 1998

Katika vichochoro vya Grogan, vinavyoteremka kutoka Barabara ya Kirinyaga kuelekea Mto Nairobi, fundi wa kubadilisha viatu vya breki, yaani vile vipande vinavyotanuka na kuisugua ngoma inayozunguka na gurudumu ili gari lisimame, hupatikana kila hatua chache. Anayekataa kuvibadilisha kabla hajajua vile vya zamani viliharibiwa na nini ni adimu. Gereji ninayoitathmini hapa ni kibanda cha mabati kisicho na bango, chenye fundi mkuu mmoja wa makamo na vijana wanaojifunza kazi chini yake. Imenihudumia Toyota Corolla ya mwaka 1998, yenye diski mbele na ngoma nyuma, na ninaipendekeza kwa dhati kwa wenye magari ya umri huo, ingawa yapo mambo mawili ambayo inapaswa kuyarekebisha.

Gari lilifika likiwa na dalili mbili. Kanyagio la breki lilikuwa likizama mbali kabla ya gari kushika, ila lilipanda likikanyagwa mara mbili mfululizo. Na asubuhi za mvua, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likijifunga ghafla hata breki ikiguswa kidogo tu. Gereji nyingine, katika mtaa mwingine, ilikuwa imeweka viatu vipya vya nyuma muda si mrefu kabla ya hapo, na dalili hizo ziliporudi ikaamua kwamba silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu yote, imechoka na ni lazima inunuliwe nyingine.

Fundi wa Grogan hakushika spana. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akakanyaga breki na kuushikilia mguu wake hapo kwa muda. Alieleza, bila haraka na bila kunidharau kwa maswali yangu, kwamba kanyagio likiendelea kushuka polepole chini ya mguu huku hakuna mafuta yanayovuja nje, basi mipira ya ndani ya silinda kuu inapitisha mafuta. Kwamba likiwa laini na la kubonyea, kuna hewa ndani ya mabomba. Na kwamba likizama mara ya kwanza kisha likasimama imara mara ya pili, kama lilivyofanya hili, kwa kawaida viatu vya nyuma viko mbali mno na ngoma. Baada ya hapo aliinama akapitisha kidole upande wa ndani wa tairi la kushoto, kikatoka na unyevu wa mafuta. Gharama ya silinda kuu ikaondoka mezani hapo hapo, kwa uchunguzi ambao haukuhitaji kifaa chochote.

Namna walivyozivua ngoma ndiyo iliyonishawishi kwamba niko mahali pazuri. Magurudumu ya mbele yaliwekewa kabari, breki ya mkono ikaachiliwa, na gari likakalishwa juu ya stendi za chuma badala ya kuachwa likining'inia kwenye jeki peke yake. Ngoma ya upande wa kulia ilikuwa imeshikwa na kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mara nyingi nimeona ngoma ya namna hiyo ikipigwa nyundo mpaka ukingo wake ukapasuka, ilhali ngoma za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi, yaliyowekwa kwa ajili ya kazi hii hasa: bolti mbili za milimita 8 hukazwa humo kwa zamu, kidogo kidogo, nazo huisukuma ngoma itoke yenyewe. Kijana alifanya hivyo. Ya kushoto ilikuwa na ukingo wa ndani uliobaki juu baada ya eneo linalosuguliwa kulika, na viatu vikanasa nyuma yake. Ikabidi ajasta, skrubu ya kurekebisha nafasi ya viatu, irudishwe nyuma kwa bisibisi kupitia tundu la sahani ya nyuma, ile inayobeba viatu. Vumbi lililokuwemo halikupulizwa kwa mashine ya upepo. Walililowesha kwanza kwa maji ya sabuni wakalipangusa, kwa sababu viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na unyuzi wake ukiingia mapafuni hautoki. Laiti kila gereji ya jiji hili ingeiga jambo hilo moja tu.

Ndani, sababu ilionekana wazi. Fundi alifunua kifuko cha mpira kwenye ncha ya silinda ya gurudumu la kushoto, silinda ndogo inayovisukuma viatu, na mafuta ya breki yakachuruzika. Mafuta hayo ndiyo yaliyolowesha lainingi ya viatu, yaani tabaka linalosuguana na ngoma, na lainingi iliyolowa haitabiriki: mara huteleza, mara hung'ang'ania ngoma ghafla na kulifunga gurudumu, hasa pakiwa na unyevu. Viatu vyenyewe vilikuwa bado vinene. Gereji iliyotangulia ilivipachika juu ya silinda inayovuja, na hivyo vilianza kuharibika tangu siku vilipofungwa. Nilimuuliza kama vinaweza kuoshwa, maana wapo wanaovimwagia petroli na kuvichoma ili mafuta yatoke. Alikataa katakata, akasema kwamba lainingi hiyo imekwisha kufyonza mafuta na kwamba moto hudhoofisha gundi inayoishikilia kwenye chuma.

Upande wa kulia haukuwa ukivuja, lakini ajasta yake ilikuwa imeganda kwa kutu. Ajasta ndiyo inayovisogeza viatu karibu na ngoma kadiri lainingi inavyopungua. Ikiganda, nafasi huongezeka na kanyagio huanza kuzama. Hapo dalili zote mbili zikawa zimepata maelezo, kila moja kutoka upande wake.

Kuhusu spea, gereji haiuzi chochote. Niliandikiwa orodha kwenye karatasi (seti moja ya viatu, silinda mbili za magurudumu, springi na mafuta ya breki ya DOT 3) nikaachwa huru kununua ninakotaka, na kijana mmoja akanisindikiza ili kuhakikisha ukubwa unalingana. Duka la kwanza lilitutolea viatu ambavyo lainingi yake haikukaa sawasawa kwenye chuma, huku gundi ikiwa imefurika upande mmoja. Kijana alivirudisha juu ya kaunta, nasi tukaenda kwingine. Silinda zilinunuliwa mbili ingawa moja tu ndiyo iliyovuja, kwa kuwa zote zina umri mmoja, na breki za nyuma zisiposhika kwa nguvu sawa kulia na kushoto huvuta gari upande.

Ngoma zilipimwa kwa kalipa kabla ya uamuzi wowote. Ngoma mpya ya gari hili ina kipenyo cha ndani cha milimita 200, na kikomo, ambacho huchapwa kwenye chuma chenyewe, ni milimita 201. Zangu zilikuwa bado ndani ya kikomo, kwa hiyo zilikerezwa kidogo tu ili kuondoa mifereji na ule ukingo, kisha zikapimwa upya. Ngoma iliyopita kikomo ni nyembamba, hupata moto upesi, na haifai hata kama inaonekana nzuri.

Wakati wa kuunganisha, waliufungua upande mmoja tu kwa wakati. Mwanafunzi aliponyoosha mkono kugusa wa pili, fundi alimwambia, “Huo uache ulivyo, ndio kitabu chako.” Agizo hilo lina maana kubwa, kwa sababu springi ni nyingi na zinafanana, na ajasta ya kulia si ya kushoto: nyuzi zake huelekea kinyume, na zikibadilishana nafasi huvirudisha viatu nyuma badala ya kuvisogeza mbele. Sehemu ambazo viatu husugua sahani ya nyuma zilipakwa grisi ya kuhimili joto, kidogo sana, na nyuzi za ajasta zikasafishwa mpaka zikazunguka kwa vidole. Kisha fundi aliitikisa nyenzo ya breki ya mkono huku na huku, akaniita nione gurudumu dogo la meno likisogea. Baada ya kutoa upepo ndani ya mabomba ya breki, wakianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu na kuongeza mafuta kila mara yalipopungua chomboni, alizungusha magurudumu kwa mkono akitafuta ule msuguano mwepesi unaoonyesha kwamba viatu viko karibu bila kubana.

Sasa malalamiko yangu. Nati za magurudumu zilikazwa kwa spana ya kawaida na nguvu ya mkono, ilhali gari hili linahitaji nyutoni-mita 103, na gereji inayopima ngoma kwa umakini namna ile haina sababu ya kukosa spana ya kupimia mkazo. Nati zisizolingana huweza kupotosha diski za mbele, na nati legevu ni hatari ambayo haihitaji maelezo. Pili, hakuna risiti wala maandishi ya kazi iliyofanyika. Mteja mwenye gari la zamani anahitaji kumbukumbu, hasa ya tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki, kwa kuwa mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi, lakini iliyokwisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye 140 tu. Nilipoomba risiti, fundi aliniandikia nyuma ya ile orodha ya spea, kwa hiari na kwa mwandiko mzuri. Hata hivyo haikupaswa kuombwa.

Ufundi ulinigharimu shilingi 3,000 kwa pande zote mbili, mbali na spea na ada ya kukereza. Zipo gereji za bei ya chini ya hiyo, lakini muda waliotumia ni karibu siku nzima, na vipande vya zamani nilikabidhiwa vyote ndani ya katoni. Niliagizwa niepuke kukanyaga breki kwa nguvu katika kilomita mia chache za mwanzo, mpaka viatu vipya vikae vizuri kwenye ngoma.

Tangu hapo nimeteremka na gari hilo kwenye bonde kuelekea Mai Mahiu, nikitumia gia za chini, kwa kuwa ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na breki nzima hupoteza nguvu. Kanyagio lilibaki juu mpaka chini ya mteremko. Niliposimama nilikaribisha kiganja kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, na joto lilikuwa sawa. Anayetaka kwenda afike kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu gari la pili la breki halipokelewi mpaka la kwanza liwe limekwisha kujaribiwa barabarani.